Mkwaju Uliovikwa Waya

Kwetu ni Mucojo, pwani ya wilaya ya Macomia, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Wenzangu wa darasa la Kiswahili hapa Dar es Salaam hulisoma jina hilo wanavyojua wao, wakacheka. Nimeshazoea. Kireno kina tahajia yake, na ile j haitamkwi kama wanavyodhani. Nimetaja kwetu mapema kwa sababu swali la insha hii nililikuta kwenye bustani ya wanyama huku, lakini nilikuwa nimelibeba tangu huko.

Swali lenyewe ni hili: mnyama mkubwa aliyefungiwa uani akiumaliza mti uliomo humo, nani ameukosea ule mti? Na anayeuzungushia mti waya, analinda nini dhidi ya nani?

Mwaka jana mwalimu wetu alitupeleka kwenye bustani ndogo ya wanyama nje ya jiji ili tukaandike insha za wasifu. Wengi walikimbilia kwa simba. Mimi nilibaki kwenye ua wa pofu, yule swala mkubwa mwenye umbo la ng'ombe, ambaye dume lake huweza kupita kilo 700. Walikuwa wanne. Ardhi ya ua ilikuwa ngumu kama sakafu, haina hata unyasi mmoja. Nilihesabu visiki vitano. Katikati palikuwa na mkwaju mmoja uliobaki. Shina lake lilikuwa limezungushiwa waya wa kuku kutoka chini hadi juu zaidi ya kimo cha mtu, na kwenye mizizi kulirundikwa mawe makubwa yenye ncha. Pofu wote walikuwa wamelala ukingoni mwa mawe hayo, vichwa vimeelekea kwenye kivuli.

Ndani ya basi wakati wa kurudi mabishano yalizuka. Mmoja alisema kuuzungushia mti waya ni uonevu: mnyama ameumbwa kula majani na magome, umemtoa porini kwao, umemfungia, na mti mmoja aliobakiwa nao nao umemnyima. Mwingine akajibu kwamba wanyama wale ni waharibifu, ushahidi ni vile visiki vitano, na kama ingekuwa amri yake angewajengea banda la mabati wapate kivuli, miti ikapandwa nje ya uzio wasikofika. Waliendelea hivyo mpaka mjini. Mimi nilikaa kimya. Neno "waharibifu" lilikuwa limenikwama. Niliwahi kuitwa hivyo.

Kabla sijafika huko, nieleze kwanza mti unavyouawa, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Chini ya gome kuna tabaka jembamba lenye majimaji. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwa njia hiyo hadi kwenye mizizi. Mnyama akibabua gome upande mmoja, mti huugua lakini huishi. Akilibabua kuzunguka shina lote, hata kwa upana wa kiganja tu, njia imekatika. Mti haufi siku hiyo. Maji bado yanapanda kupitia mbao za ndani, majani yanabaki kijani kwa majuma au hata miezi, na mpita njia huuona mzima. Huko chini mizizi inakufa njaa. Mbuyu ni tofauti kidogo. Wenyewe huweza kuotesha gome jipya, ndiyo maana watu wanaweza kuubabua kwa ajili ya kamba na usife, ingawa tembo wakiutoboa na kuula ule mti wake laini wa ndani, nao huanguka. Miti mingi haina bahati hiyo.

Na meno siyo adui pekee. Kwato za wanyama wanaozunguka mahali pamoja kila siku hushindilia udongo hata maji na hewa visipenye, na mkojo wao mwingi huunguza mizizi. (Wenzangu sasa wamepata sababu nyingine ya kucheka.) Kwa hiyo mawe yale yenye ncha hayakuwekwa kama pambo. Yanazuia miguu. Mahali pengine huwekwa magogo, au waya wa umeme, au wanyama huhamishwa ua mmoja hadi mwingine ili miti ipumzike.

Sasa nirudi kwenye lawama. Mfano ninaoufahamu ambao unafundisha zaidi kuliko wote uko Amboseli, Kenya, chini ya Kilimanjaro. Kulikuwa huko na misitu ya migunga ya manjano iliyokuwa sifa ya mahali pale. Kuanzia miaka ya 1950 migunga ilianza kufa kwa wingi. Wa kwanza kulaumiwa walikuwa Wamaasai: ng'ombe wao wamezidi, wameharibu nchi. Mwanasayansi David Western, aliyeanza utafiti wake pale mwaka 1967, alichunguza akaona lawama hiyo haisimami. Alidhani kwanza kwamba maji ya chini ya ardhi yamepanda, yakaleta chumvi kwenye mizizi. Lakini baadaye yeye na wenzake walifanya jaribio rahisi hata mtoto angelielewa: walizungushia vipande vya ardhi uzio wa umeme ili tembo wasiingie, wakasubiri. Jaribio hilo liliendelea miaka 20. Ndani ya vipande vile migunga iliota tena, ikarefuka, ikawa kichaka. Nje, hatua chache tu pembeni, kila mche uliochomoza uliliwa.

Basi mkosaji akapatikana: tembo. Lakini Western hakuishia hapo, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Kwa nini tembo walikuwa wamejazana pale? Zamani walihama. Wakila hapa msimu huu, msimu ujao wako kwingine, na mti ulioumizwa ukapata muda wa kupona. Majangili na bughudha nyingine nje ya hifadhi ziliwafundisha kwamba usalama uko katikati tu, karibu na watalii na maaskari wa wanyama. Wakabana humo. Huko nje walikotoka, vichaka vilizidi kushamiri hadi kupunguza nyasi za mifugo. Huku ndani msitu uliisha. Wanyama walewale, miti ileile. Kilichobadilika ni kwamba mlango ulifungwa, na waliobaki ndani wakaitwa waharibifu.

Angalieni mpangilio wa lawama ulivyokwenda: mchungaji kwanza, kisha chumvi, kisha tembo, na mwisho kabisa, baada ya miaka mingi ya kutafuta, watu waliomfanya tembo asiweze kuondoka. Aliye karibu na mti uliokatika ndiye anayeonekana. Aliyefunga njia hayupo kwenye picha.

Tsavo nako, miaka ya 1960, palizuka ugomvi maarufu. Tembo walikuwa wameangusha miti mingi mno, na Richard Laws, mtafiti kutoka Uingereza, akashauri wapunguzwe kwa bunduki. David Sheldrick, mkuu wa Tsavo Mashariki, alikataa. Aliona kwamba maumbile yatajirekebisha yenyewe. Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya tembo kwa njaa, wengi wao majike na watoto. Baadaye majangili wakaua maelfu zaidi, na miti ikarudi. Watu bado wanabishana nani alikuwa sahihi. Mimi nisemalo ni kwamba miti ya Tsavo ilirudi kwa bei ambayo hakuna aliyekaa kikao akaikubali.

Huko Shimba Hills, kwenye nchi ya Wadigo, karibu kabisa na pwani yetu hii ya Waswahili, uzio ulijengwa ili tembo wasiingie mashambani. Ulisaidia wakulima, ila tembo waliobaki ndani waliielemea misitu, na mwaka 2005 serikali ya Kenya ililazimika kuwapakia zaidi ya tembo 100 kwenye malori na kuwapeleka Tsavo Mashariki. Tembo mzima hula kiasi cha kilo 150 kwa siku. Ukimfungia, umekubali kumtafutia kilo 150 kila siku, au umekubali kwamba atazitafuta mwenyewe kwenye kilichopo.

Nchini kwetu tuliona upande wa pili. Gorongosa, katikati ya Msumbiji, vita vya 1977 hadi 1992 viliwamaliza tembo. Zaidi ya tisa katika kila kumi waliuawa, wengi pembe zao zikauzwa na nyama yao ikaliwa na wapiganaji. Kwa kuwa wala-miti wakubwa walikuwa wametoweka, miti iliongezeka. Ukitazama miti tu, ungesema ni ushindi. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na anayesema kwamba mti uliosimama ni dalili tosha ya haki. Wakati mwingine mti umesimama kwa sababu waliokuwa wakiula wamekufa.

Sasa nisimulie yangu.

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga pwani yetu na kuilaza minazi kama mtu aliyepitisha mkono juu ya nyasi. Tulijenga upya. Mwaka 2020 vita, vilivyokuwa vimeanza Mocímboa da Praia mwaka 2017, vikafika kwetu, na hapo hatukujenga tena. Tuliondoka kwa dau usiku, mama, bibi, wadogo zangu wawili na mimi, hadi Pemba, kisha tukapelekwa Metuge. Mahema yalikuwa mengi kuliko nilivyoweza kuhesabu. Mamia ya maelfu ya watu wa Cabo Delgado walihama miaka ile, na kila familia, popote ilipotua, ilihitaji kitu kimoja mara mbili kwa siku: kuni.

Walitupa mchele. Walitupa maharagwe makavu, ambayo aliyewahi kuyapika anajua yanataka moto wa saa ngapi. Kuni hawakutupa. Kuzunguka kambi palikuwa na mashamba ya mikorosho na miembe ya wenyeji, watu waliotupokea vizuri, wengine wakatugawia viwanja vyao. Sheria iliyowekwa ilikuwa ya haki: mti mbichi usiguswe, mti mkavu uokotwe na yeyote. Miezi ya kwanza tuliokota. Kisha vikavu vikaisha. Wanawake walikuwa wakitembea nusu siku kutafuta mzigo mmoja, na huko mbali hakukuwa salama.

Sisi wavulana tukagundua jambo. Mti mbichi hauguswi, lakini mti mkavu ni wa wote. Usiku, kwa kisu, mti mbichi ungeweza kugeuzwa mkavu. Unabandua gome kuzunguka shina, chini kabisa ambapo nyasi zinaficha, unaenda zako. Unangoja. Wakati huo sikujua habari za tabaka jembamba na chakula kinachoshuka; nilijua tu kwamba inafanya kazi. Nilifanya hivyo kwenye mkorosho mmoja. Ulikuwa mzuri, umetanda hadi matawi yake yanagusa ardhi, kwa makisio yangu ulimzidi mama yangu umri. Miezi kadhaa baadaye ulikauka na tukaukata mchana kweupe, kwa mujibu wa sheria. Bibi alipika kwa kuni zake. Alinisifu.

Mwenye shamba alikuwa mzee wa Kimakua, mtu mpole. Alipouona mkorosho wa pili umeanza kunyauka, alikagua chini, akaelewa. Kesho yake alikuja na wanawe wakavika mashina yote miiba, kuanzia chini hadi kifuani. Hakumshtaki mtu. Ila kwenye mkutano mmoja mkubwa alisimama akasema kwamba waliohama ni waharibifu, wamemaliza nchi kuliko tembo. Kule Macomia bara tembo wanajulikana. Sehemu ya wilaya yetu imo katika Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, iliyoanzishwa mwaka 2002, na wakulima wa huko wanajua kulala shambani wakipiga madebe. Kwa hiyo tusi lile tulilielewa vizuri. Mama alilia kwa hasira. "Sisi tulikuwa na minazi yetu," alisema. "Nani aliwahi kusikia watu wa Mucojo wamemaliza miti?"

Kweli, hakuna aliyewahi kusikia. Kwetu kila mnazi una mwenyewe na wajukuu wanarithi. Hatukubadilika tabia njiani ndani ya dau. Tulibadilishiwa mahali, tukawekwa wengi mahali padogo ambapo hatukuweza kutoka, na tukapewa maharagwe bila moto. Nilipoisoma habari ya Amboseli miaka miwili baadaye kwenye maktaba, nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo.

Najua kuna atakayesema simfanyii mtu heshima kwa kumlinganisha na pofu au tembo. Mama angekuwa wa kwanza. Tofauti ipo, na ni kubwa, na kwa upande wangu haipunguzi kosa bali inaliongeza. Pofu hajui kwamba gome likizungukwa mti utakufa. Mimi nilijua. Yeye hakujificha usiku. Kwa hiyo siwezi kusema, "Uzio ndio ulionifanya nibandue," nikanawa mikono. Uzio ulifanya nihitaji kuni. Kisu kilikuwa mkononi mwangu. Wakati mwingine naona mambo hayo mawili yanakaa pamoja bila shida. Wakati mwingine naona la kwanza nalitumia kujificha nyuma yake. Sijafikia mwisho wa hesabu hiyo.

Lakini kuhusu mnyama nina uhakika zaidi. Mnyama aliyefungiwa hana kosa lolote kwa mti, na kumwita mharibifu ni kusema uongo. Deni la mti liko kwa aliyejenga uzio. Na deni hilo ni la kweli, siyo la kivuli tu. Wapo wanaodhani mti unalindwa kwa sababu wageni wanapenda mandhari, au kwa sababu mnyama anahitaji kivuli. Sababu hizo ni nzuri, ila hazitoshi, maana kivuli huweza kuletwa na mabati na mandhari huweza kuchorwa ukutani. Mti ulikuwepo kabla ya ua. Haukuchagua kuwekewa wanyama wanne wasioweza kuondoka. Porini ungeumizwa pia, lakini ungeumizwa na wapita njia. Tumemfanya mpita njia kuwa mkazi, na mti hauna miguu ya kuhama. Kati ya vyote vilivyomo ndani ya ua ule, wenyewe ndio umefungiwa kuliko vyote.

Madrasa tulifundishwa kwamba apandaye mti, kila ndege au mnyama anayekula humo humhesabia sadaka. Nikiwa mtoto niliielewa kwamba mnyama aachwe ale. Sasa naielewa kwamba sadaka ile inataka mti uendelee kuwepo. Mti ukiuliwa leo, walaji wa kesho wamenyimwa, na miongoni mwao ni huyuhuyu mnyama anayeula leo.

Ndiyo maana siungi mkono rafiki yangu wa kwenye basi aliyeuita waya uonevu. Lakini simwachi mikono mitupu, kwa sababu nusu ya maneno yake ni sahihi. Baada ya safari ile nilirudi peke yangu kwenye bustani kwa daladala mbili na mguu. Nilimkuta mlishaji, mzee mmoja aliyevaa buti za mpira, akisukuma toroli lililojaa matawi mabichi ya mlusina.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Simba wako upande ule."

Nilimwambia nimekuja kuutazama mkwaju. Alinitazama kama mtu anayehakikisha hafanyiwi mzaha, kisha akaniruhusu nimsaidie kushusha matawi. Aliniambia kwamba waya ule ulifungwa kabla yeye hajaanza kazi, na kwamba mwanzoni walifunga waya wakadhani wamemaliza. Pofu wakahamia kwenye milango. Walitafuna mbao za banda, wakatafuna nguzo, mmoja akaumia mdomo kwa msumari. Walikuwa na nyasi kavu za kutosha, matumbo yao yamejaa. Walichokosa ni kitu cha kubandua, cha kuvunja kwa pembe, cha kuvuta kwa ulimi. "Kila mti ninaoufunga waya," alisema, "najua nimejiongezea toroli moja asubuhi na moja jioni. Wakuu wanapenda kununua waya. Toroli hawaioni." Alikuwa pia anaufungua waya kila mwaka na kuufunga upya kwa kulegeza, kwa sababu shina linanenepa na waya usiolegezwa hukata gome. Mlinzi mwenyewe angeubabua mti.

Nilimwuliza kama kuna njia bora kuliko waya. Alisema nyuki, akacheka. Hakukosea. Huko Kenya, watafiti wakiongozwa na Lucy King walionyesha kwamba tembo huikimbia sauti ya nyuki, na wakulima sasa hutundika mizinga kwenye uzio wa mashamba. Afrika Kusini wamejaribu kutundika mizinga kwenye miti ya mng'ongo yenyewe, na karibu miti yote iliyokuwa na nyuki hai ilisalimika. Naipenda njia hiyo kwa sababu mzinga unataka mtu wa kuutunza, na unampa asali, kwa hiyo hatausahau. Ila kwenye ua mdogo wenye watoto wa shule wanaopita, mzee alikuwa na haki ya kucheka.

Njiani kurudi nilikuwa nikifikiria miiba ya Metuge. Yule mzee wa mikorosho alipovika miti yake miiba, mwanzoni nilimchukia, kisha baadaye nikaona alikuwa na haki, na kwa muda mrefu nilidhani habari imeishia hapo: yeye na haki yake, sisi na kosa letu. Nilikuwa nimesahau yaliyofuata, au niseme sikuyapa uzito.

Mikorosho hupogolewa. Matawi ya ndani na yale yanayoburura chini huondolewa baada ya mavuno ili mwanga uingie na maua yawe mengi. Miaka yote yule mzee alikuwa akipogoa kidogo kidogo na kuyachoma matawi shambani. Mwaka ule, baada ya miiba, alikuja hadi kwenye mahema na panga begani akauliza nani ana vijana wenye nguvu. Mama alinisukuma mbele. Tulipogoa naye majuma mawili. Yeye alionyesha tawi, sisi tulikata. Mimi nilishika ngazi. Matawi yote, hata ya kuanzishia moto, yalibebwa na wanawake kwenda kambini, na aliwapangia zamu ili kila safu ya mahema ipate. Msimu uliofuata alifanya hivyo tena, na jirani zake wawili wakamfuata. Miiba hakuiondoa. Sikumwona hata siku moja akiondoa miiba, na sidhani kama angepaswa.

Tulipofika kwenye kisiki cha mkorosho wangu, alisimama akakikanyaga kwa kisigino kama anayepima kama kimeoza. Kilikuwa kimeanza kutoa machipukizi pembeni. Alivunja machipukizi yote akaacha moja, lililonyooka. Aliniambia nilizungushie miiba. Nilizungushia.

Mama bado yuko Metuge. Tukiongea kwa simu huniambia yule mzee huniulizia: yule kijana aliyekuwa akinishikia ngazi, anasoma nini huko? Mama humjibu kwamba nasoma Kiswahili. Hajui la kuongeza, kwa sababu hata yeye sijamwambia.